Siku moja maishani mwangu: kuwapa macho watu wa milimita 28

Saa 12 asubuhi

Nakaa mezani kabla sijanywa chochote. Macho ya vijisanamu huchorwa asubuhi, tena kahawa ikiwa haijapita kooni, maana kahawa huukoleza mtetemo wa mkono. Hakuna mkono wa binadamu usiotetemeka, hata wa daktari wa upasuaji. Ukishika kikombe au kalamu huuoni mtetemo huo. Mimi nauona kila siku, kwa sababu jicho ninalolichora lina upana wa nusu milimita, na likiwa kubwa sana ni milimita moja.

Napaka rangi vijisanamu vya michezo ya mezani: askari, wachawi, wapiga mishale, majoka, hao wanaosogezwa juu ya ramani mchezaji akisharusha dadu. Hutoka kiwandani vikiwa vitupu, vya plastiki au resini ya kijivu, na mwenye mchezo asiye na muda au subira ya kuvipaka hunipa mimi. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28 kwa mtu mzima aliyesimama. Kichwa chake chote ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Ndani ya punje hiyo natakiwa nitie paji la uso, mashavu, pua, mdomo, na macho mawili yanayotazama upande mmoja. Hayo macho ndiyo watu wanayonilipia. Mtu akikosea buti hakuna atakayejua. Akikosea jicho, kila anayekaribia meza ataliona kabla ya kitu kingine chochote.

Wako wanaosema napaka rangi midoli. Nimeacha kubishana nao, ila ningependa wakae siku moja kwenye kiti hiki, na ndiyo sababu naandika.

Leo nina wapiga mishale 8. Kamanda wao, mwanamke, nilimmaliza jana jioni nikamtumia mwenye kijisanamu picha. Hawa 8 nilishawaosha kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta yanayobaki kutoka kwenye kalibu, nikawakwangua mishono kwa kisu, nikawapulizia praima (rangi ya msingi) nyeusi mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu tu. Ile nyeupe ikitua kama mwanga wa jua, kivuli hujionyesha chenyewe chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Asubuhi nafuata ramani hiyo.

Saa 12 na nusu

Lenzi ya kukuzia naivaa kichwani. Taa iko kushoto, kwa kuwa mkono wa brashi ni wa kulia na sitaki ujifanyie kivuli. Kila mpiga mishale nimembandika juu ya kizibo cha chupa ili nisiguse mwili wake. Viwiko vyote viwili vinalala mezani, na viganja vinagusana pale karibu na kifundo, kimoja kikiwa na kizibo, kingine na brashi. Mikono ikigusana hivyo hutetemeka pamoja, na brashi haitangatangi mbele ya uso. Kisha natoa pumzi nusu, naizuia, napaka, navuta tena.

Wanaoanza hudhani kazi ndogo inataka brashi ndogo kuliko zote. Nami nilidhani hivyo nikanunua namba 000 nyingi. Brashi hiyo haina tumbo. Tone inalobeba ni dogo mno, linakauka njiani kabla halijafika usoni, na unajikuta unakwaruza ukavu. Siku hizi macho nayachora kwa namba 1, ya manyoya ya kicheche wa Siberia, yale yanayoitwa kolinsky. Ina tumbo la kutunza unyevu na ncha inayokutana kuwa unywele mmoja. Winsor & Newton wanazitengeneza brashi zao za Series 7 kwa manyoya hayo tangu 1866, walipoagizwa kumtengenezea Malkia Victoria brashi bora kuliko zote. Yangu ina miaka miwili, na nailinda kuliko simu.

Kuna jambo moja nawasihi wanaojifunza: msichonge ncha kwa midomo. Ni tabia ya wapaka rangi wengi, na ni nyepesi kuizoea kwa sababu inafanya kazi vizuri. Miaka ya 1910 na 1920 huko Marekani, wasichana waliokuwa wakipaka rangi ya radiamu (madini yenye mionzi) kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani walifundishwa kufanya hivyohivyo: mdomoni, kwenye rangi, kwenye saa. Wengi wao walioza mataya, na wako waliokufa. Rangi zetu hazina radiamu, lakini baadhi zina kadmiamu au kobalti, metali zenye sumu, na mdomo si mahali pake. Ncha naiviringisha kwenye karatasi yenye unyevu, basi.

Macho yenyewe huanza na giza. Najaza tundu lote la jicho kwa kahawia iliyokolea sana. Juu yake napitisha mstari mmoja wa rangi ya pembe za ndovu, mfupi kuliko tundu, ili giza libaki pembeni na juu kama kope. Nyeupe kabisa situmii. Weupe wa jicho la mtu una kijivu ndani yake, una wekundu, na kivuli cha kope kimeuangukia. Ukiweka nyeupe ya chupani, uso unakuwa na taa mbili.

Halafu mboni. Kosa linalojulikana ni kuweka nukta katikati, yenye weupe pande zote. Mtazame mtu aliyekaa kwa utulivu mbele yako: kope ya juu imefunika sehemu ya mboni yake. Weupe ukizunguka mboni yote, huyo ameona nyoka. Kwa hiyo sichori nukta, nachora mstari wima kutoka kope ya juu hadi ya chini, nikianzia juu ya jicho na kuishia chini yake bila woga, maana kilichozidi kitafunikwa na rangi ya ngozi baadaye. Ndiyo maana macho hutangulia na ngozi hufuata. Naanza na jicho lile gumu kufikiwa, lililofichwa na mkono wa upinde, kisha namgeuza mpiga mishale kichwa chini miguu juu na kulichora la pili likifuata la kwanza. Akiwa kichwa chini sioni uso, naona maumbo tu, na mkono unatii zaidi.

Macho 16 yakaisha. Mawili niliyafuta nikarudia.

Saa 3

Sasa nakunywa. Baada ya hapo ni ngozi, mikono na shingo za wapiga mishale, kazi ambayo vidole vinaijua.

Saa 4

Ujumbe unaingia. Ni mwenye kamanda.

"Fundi, mbona huyu anashangaa?"

Ameirudisha picha yangu akiwa ameivuta mpaka uso umejaa kioo chote cha simu, na macho amezungushia duara nyekundu. Uso wa milimita 5 umekuwa mkubwa kama kiganja changu. Kwa ukubwa huo hata chembe ya vumbi inaonekana kama kovu.

Ngoja niseme kidogo kuhusu uso huo, kwa sababu niliupenda. Kamanda ni mweusi, na ngozi nyeusi nyingi ninazoziona kwenye vijisanamu zimeharibiwa kwa njia moja: mtu anapaka kahawia, kisha anatafuta mwanga kwa kuongeza nyeupe, na uso unakuwa kama umepakwa majivu. Mimi nilianza na kahawia yenye zambarau ndani kwa vivuli, nikapanda kwa kahawia nyekundu mashavuni na puani, nikamalizia na okra (njano ya udongo) kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Zilikuwa tabaka 11, zote nyepesi kama chai. Mdomo wa chini nikaugusa kwa waridi iliyofifia, kwa sababu ndio unaopokea mwanga, na wa juu nikauacha kivulini.

Nikamjibu: "Ndugu, mtazame kwa umbali wa mkono, kama utakavyomwona mezani."

"Nimemtazama. Anashangaa."

Nikashusha kope ya juu, mstari mmoja wa kahawia. Nikasubiri ukauke, nikapiga picha, nikatuma.

"Sasa kama amesinzia."

Nikafungua jicho tena kwa chini. Nikatuma.

"Sijui nisemeje. Weka mboni katikati."

Mboni zilikuwa katikati. Nikapima kwa lenzi nikiwa nimeshikilia pumzi, na zilikuwa katikati kabisa. Nikamwandikia hivyo. Akanirudishia picha na duara mbili mpya.

Asiyefanya kazi hii hajui kwamba jicho halifutwi mara nyingi. Akriliki, rangi tunayotumia, ni nyembamba lakini ina unene wake. Kila unaporekebisha unaongeza tabaka, na tundu la jicho lililochongwa na msanii kwa kina cha kucha ya siafu linazidi kujaa. Baada ya marekebisho hayo ukingo wa kope wa kamanda ulikuwa umezama, na pale palipokuwa na jicho palikuwa na uvimbe uliopakwa rangi. Hapakuwa na namna. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikamfuta macho, na pamba ikaondoka na shavu, daraja la pua na nusu ya paji la uso. Kazi ya siku mbili ilibaki kwenye pamba, kahawia na okra, kama alama ya chai.

Niliiweka brashi chini nikatoka nje. Ilikuwa baada ya saa 7, jua kali, na kwa muda fulani sikuona vizuri kitu kilicho mbali, kwa sababu macho yalikuwa yameng'ang'ania sentimita 20 tangu alfajiri. Tena ukikaza macho kwa makini hupepesi inavyotakiwa, na yanakauka mpaka kope zinakwaruza.

Niliporudi nikampigia badala ya kuandika. Nikamuuliza: ukimsimamisha mezani, wewe utakuwa umekaa wapi?

Akasema atakuwa mbele yake. Kisha akasema jambo ambalo lingeokoa nusu siku kama lingesemwa mwanzoni: kijisanamu ni cha binti yake, ndiye mhusika atakayecheza naye, na mtoto alikuwa ameuliza, "Baba, mbona haniangalii?"

Hapo nikaelewa. Kamanda amechongwa kifua kikiwa mbele, lakini kichwa kimegeukia kushoto kwake, juu ya bega la ngao. Mboni zikiwa katikati ya macho, anatazama kule uso unakoelekea, yaani pembeni, kumpita mtu aliyekaa mbele. Baba aliona kuna kasoro, akaitafutia jina, kushangaa, kusinzia, katikati, na hakuna hata moja lililokuwa sahihi. Nami nilikuwa nikirekebisha maneno yake bila kuuliza anataka nini. Hasira yangu haikuisha yote, nasema kweli, kwa sababu alimalizia kwa kuuliza kama marekebisho yana malipo ya ziada, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayetarajia kusikia hapana. Nikamwambia la kwanza halina, haya mengine yanayo. Akanyamaza, kisha akakubali.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Nikampulizia uso praima mpya, nyepesi. Giza. Pembe za ndovu. Nikaweka mboni zote mbili kwenye kona za kulia kwake, jicho moja likibaki na weupe mwingi zaidi ya jingine, jambo ambalo ukilitazama kwa lenzi linaonekana ni kosa. Mkono wa mchana si mkono wa asubuhi. Mboni ya pili niliikosa mara mbili, nikaiwahi kwa brashi yenye maji kabla haijakauka. Mara ya tatu nilikaa nimeizuia pumzi mpaka nikasikia moyo masikioni, nikagusa, nikaondoa. Kisha ngozi upya, tabaka kwa tabaka, shingo ikiniuma kuanzia fundo la mgongo hadi nyuma ya sikio.

Sikupiga picha ya karibu. Niliweka simu mahali ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa, sentimita 60 hivi, nikarekodi video fupi huku nikimgeuza kamanda taratibu. Kuna pembe moja, moja tu, ambapo macho yanakukuta. Nilisimama hapo.

Jibu lilikuja nikiwa nimeshawasha taa ya pili. Maandishi hayakuwemo, ilikuwa sauti ya msichana: "Ananiona!"

Niliisikiliza mara tatu.

Wapiga mishale walibaki na nywele na mikanda, hawatatoka leo. Kamanda nimempulizia vanishi isiyong'aa, na ikishakauka nimemgusa kila jicho kwa tone la vanishi inayong'aa ili taa ipate pa kushika. Sasa naiosha brashi kwa sabuni na maji ya baridi, naichonga ncha kwa vidole, naisimamisha kwenye kikombe manyoya yakiwa juu. Mtu mwingine ameandika anauliza kama naweza kumpakia joka. Nimemuuliza atakuwa amekaa upande gani wa meza.