Tulivyoifufua pikipiki iliyolala miaka sita

Pikipiki hii aliniachia mjomba. Ni ya cc 125, silinda moja, ya kupiga kiki, moto wake bado ni wa pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche. Ilikuwa imelala miaka sita. Mwaka mzima nilihangaika nayo peke yangu jioni baada ya kazi, nikaishia na maboksi manne ya vipuri, tangi lenye kutu na pistoni iliyogoma. Walioniokoa ni wenzangu watano ninaoendesha nao kila Jumamosi. Najua wapo wengi wenye chombo kama hiki kimefunikwa turubai nyuma ya nyumba, ndiyo maana naeleza tulivyofanya.

Jumamosi moja mvua ilituzuia safari, wote wakajibanza kwangu. Mmoja akafunua turubai, akaitazama weee, kisha akasema, "Kaka, hii chuma unaiacha ife hivihivi?" Siku hiyohiyo tukapatana: kila Jumamosi masaa mawili ya ufundi kwanza, halafu ndiyo tuendeshe. Kazi moja tu kwa siku. Na hakuna nati inayobaki mezani bila kuingia kwenye mfuko wenye karatasi inayosema imetoka wapi. Sharti hilo la mwisho lilitoka kwangu, maana maboksi yangu manne yalikuwa yamenifunza vya kutosha.

Tulianza na pistoni. Kishawishi kilikuwa kuipanda kiki kwa nguvu zote, lakini mzee wetu, aliyeendesha miaka mingi kuliko sisi wote, alikataa kabisa. Injini iliyokwama ukiilazimisha kwa kiki unavunja meno ya gia ya kiki, na kuyafikia unapasua nusu ya injini. Tulitoa plagi, tukamimina oili nyepesi kwenye tundu lake, tukaiacha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata tukaongeza oili, tukaingiza gia ya juu kabisa, tukawa tunaitikisa tairi ya nyuma mbele na nyuma, polepole. Gia ya juu inaipa tairi nguvu kubwa zaidi juu ya pistoni kuliko gia nyingine, kwa hiyo mtikiso mdogo unatosha. Wiki ya pili ikasogea upana wa kidole. Wote tukanyamaza. Baada ya nusu saa ilikuwa inazunguka mzunguko kamili.

Tangi halikutusumbua sana. Tulijaza siki, tukatumbukiza kiganja cha nati ndogo, tukalitikisa kwa zamu na kulilaza siku mbili. Siki ikatoka rangi ya chai ya rangi. Cha kuzingatia ni kilichofuata: suuza kwa maji yenye baking soda ili kuua asidi, kausha papo hapo, kisha zungusha oili kidogo ndani. Ukiliacha na unyevu usiku mmoja tu, kutu inarudi.

Upande wa moto tulimwachia mwenzetu ambaye ni fundi umeme. Alisugua pointi kwa msasa laini, akapima mwanya wake, akaegemeza plagi kwenye bloku mbali na tundu lake, ili mvuke wa petroli usiwake. Kiki moja, cheche ya buluu ikaruka. Tukamwaga oili ya zamani, tukaweka mpya, tukafunga kabureta.

Kiki ya nne ikawaka. Siwezi kuueleza ule mngurumo kwa mtu ambaye hajausubiri. Lakini kila tuliporudisha choki, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi, ilizimika. Ukivuta choki inawaka, ukiirudisha inakufa. Hapo ndipo tulipopotea njia, na nadhani ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwa anayesoma.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja akabadilisha plagi. Mwingine akapandisha sindano ya kabureta. Wa tatu akatoa chujio la hewa. Mimi nikafungua kifuniko cha juu na kuseti tapeti, yaani mwanya wa valvu. Yote hayo katika masaa mawili. Jioni pikipiki ilikuwa mbaya kuliko asubuhi: haina nguvu, na juu kunagonga kama cherehani iliyolegea. Dada mmoja wa kundi letu, anayefanya kazi maabara, alifuta mikono akasema, "Jamani, leo tumebadilisha vitu vinne kwa mkupuo. Ikipona hatutajua dawa ni ipi, ikizidi hatutajua sumu ni ipi." Akaleta daftari. Tangu siku hiyo ni badiliko moja, jaribu, andika, ndipo uguse kingine. Kila kitu tulichogusa tukakirudisha kilivyokuwa, tukaanza upya.

Ile kelele ilikuwa kosa langu. Kwenye magneto, gurudumu la kuzalisha umeme ubavuni mwa injini, kuna alama ya T inayoonyesha pistoni imefika juu kabisa, na hapo ndipo unaposeti tapeti. Lakini pistoni ya injini ya mipigo minne inafika juu mara mbili katika kila duru kamili ya kazi: mara ya kwanza ikiwa imebana hewa, valvu zote mbili zimefungwa, mara ya pili ikimalizia kutoa moshi, valvu zote zimeachia kidogo. Mimi niliseti kwenye ile ya pili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.08 ilipita vizuri tu, nikaridhika, kumbe valvu zikijifunga mwanya unakuwa mkubwa mno. Dawa ni kushika roka, vile vijikono vinavyosukuma valvu, kwa vidole alama ya T inapokutana na mstari. Zote mbili zikicheza, umefika mahali penyewe. Moja ikiwa imekaza, zungusha tena duara zima. Na injini iwe imepoa, imelala usiku mzima ikiwezekana.

Tulipomaliza hilo kelele ikaisha, ugonjwa wa choki ukabaki palepale. Sasa tulikuwa na utulivu wa kufikiri. Choki inapunguza hewa. Injini inayotaka choki hata ikiwa imepata moto inalia kwamba petroli ni kidogo, au kuna hewa inayoingia kwa wizi. Tulipulizia maji kidogo kwenye kiungo cha kabureta na injini huku inaunguruma. Sauti haikubadilika, kwa hiyo hapakuwa na upenyo. Ikabaki pailoti jeti, ile ndogo inayolisha injini ikiwa imetulia. Nami nilikuwa nimeapa kwamba nimeisafisha.

Bakuli la kabureta linashikiliwa na skrubu nne za msalaba, na moja nilikuwa nimeshaichubua kichwa mwaka ule wa upweke. Mzee alinionyesha kidoti kidogo sana juu ya kichwa cha skrubu. Hizo ni za kiwango cha Kijapani, JIS, si Phillips, ingawa zinafanana kama mapacha. Bisibisi ya Phillips haizami sawasawa ndani yake, inapanda na kuruka huku inakula chuma. Alikuwa na bisibisi yenyewe. Aliigonga mgongo kwa nyundo mara moja, akazungusha, skrubu ikaachia. Nimeshanunua yangu.

Tukaitoa ile jeti. Ni kijiti cha shaba njano kifupi kuliko kucha ya kidole gumba, na tundu lake halifiki nusu milimita. Fundi umeme aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Giza. Nilikuwa nimeipulizia dawa ya kabureta mara tatu bila kuitazama kwenye mwanga hata mara moja. Petroli iliyokaukia humo ilikuwa imegeuka gundi ya rangi ya asali. Tukailoweka usiku kucha, kisha tukachomoa uzi mmoja wa waya wa umeme, tukaupitisha taratibu. Uzi wa shaba nyekundu ni laini kuliko jeti yenyewe, hauwezi kulipanua tundu. Sindano ya chuma ingeliharibu. Baada ya hapo hewa ya pampu, kisha dirishani tena. Safari hii palikuwa na nyota moja ya mwanga, duara kamili. Tulipokezana kuitazama, wote sita.

Iliwaka kiki ya pili. Tukairudisha choki baada ya dakika moja, ikaendelea. Tukaikaza skrubu ya hewa mpaka mwisho, tukairudisha mzunguko mmoja na nusu, kisha tukawa tunaisogeza robo robo hadi mngurumo ukatulia. Daftari linaonyesha ilikomea mzunguko mmoja na robo tatu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kilomita ishirini, mimi mbele kwa mwendo mdogo, wao wanne nyuma yangu, mzee wa mwisho akiwa na begi la spana. Tulisimama kila baada ya kilomita tano kushika nati kwa mkono. Bolti mbili za kushikilia injini zilikuwa zimeanza kulegea, na cheni ilikuwa imelegea kidogo kutokana na kuanza kazi. Tukakaza vyote palepale barabarani.

Mwenzetu wa tano hakuwa na chombo siku hiyo, alipanda nyuma ya fundi umeme. Pikipiki yake klachi inateleza, nayo sasa iko kwangu juu ya stendi. Daftari limefunguliwa ukurasa mpya, na mstari wa kwanza ameuandika mwenyewe: pima mchezo wa waya wa klachi kabla ya kufungua chochote.