Mahabaleshwar, tulienda kuangalia mabonde tukaambulia ukungu

Ilikuwa 15 Agosti 2013, sikukuu ya uhuru wa India, chuo kimefungwa, tukaona kukaa hosteli Pune kutwa nzima ni ujinga. Mimi, jamaa yangu wa Lushoto na mwanafunzi mwenzetu mmoja mzaliwa wa Pune tukadandia basi la serikali pale stendi ya Swargate kwenda Mahabaleshwar, mji wa milimani, kama kilomita 120 ivi. Ukishapita mji wa Wai kona zinaanza, yani nilitapika mpaka chai ya jana, na dereva wala hana habari.

Kufika juu, mita 1,300 na ushee, mvua na ukungu mtupu. Pale Arthur's Seat, genge la mlima ambalo kwenye picha unaona mabonde hayaishi, sisi tuliona uzio na migongo ya watu. Wa Lushoto akacheka weee, "ukungu si hata Irente kwetu upo jamani, nauli ya nini?"

Tukaenda kwenye hekalu la Panchganga, Mahabaleshwar ya zamani. Viatu nje, soksi chapachapa, mawe ya baridi hadi vidole vinakufa ganzi. Ndani kuna ng'ombe wa jiwe, maji yanamtoka mdomoni, wanaamini ni ya mito mitano. Bibi mmoja alikuwa anakinga kwenye chupa, akaanza kutuhadithia kwa Kimarathi, mwenzetu anatafsiri: mungu Brahma ana ibada yake, mkewe Savitri kachelewa, wakamkalisha mwanamke mwingine, Gayatri, sa Savitri anafika anakuta nafasi yake ina mtu! Akawalaani Brahma na miungu wenzake wawe mito, Vishnu akawa Krishna, Shiva akawa Venna, Brahma akawa Koyna. Nikauliza, na Savitri mwenyewe? Akasema na yeye mto, na Gayatri pia, ila wale wanaume wameelekea mashariki, hawa wawili wakageukia magharibi. Me mtoto wa Tanga nikapiga hesabu zangu, magharibi si ndo Bahari ya Arabuni, ukishika kaskazi unatokea kwetu. Bibi akanimiminia maji kiganjani, nikanawa uso.

Nje wanachoma mahindi, wanapaka ndimu na pilipili na chumvi, kama Raskazone kwetu Tanga kabisa, nikanunua mawili. La kwanza kima kanipora hata sijang'ata. La pili nikalificha kwenye koti, nikalila lote ndani ya basi tunarudi, af kona zikaanza.