Siku moja kwenye ghala la mawe, Copenhagen

Saa 1:30 asubuhi. Giza la Januari bado halijatoka, lakini chumba kina joto. Takriban theluthi mbili ya nyumba za Denmark hupata joto kutoka kwenye maji ya moto yanayopita katika mabomba chini ya barabara. Maji hayo lazima yapashwe na kitu, na sehemu kubwa bado ni kuni na taka zinazochomwa. Sisi tunatafuta joto hilo ardhini.

Saa 3. Ghalani kuna masanduku ya vipande vya mwamba vilivyotolewa visimani na watu waliokuwa wakitafuta mafuta miongo mingi iliyopita. Mafuta hawakuyaona, mawe yakabaki, na leo ndiyo hazina yetu. Nafungua sanduku la Gassum, tabaka la mchanga lililojikusanya miaka milioni 200 hivi iliyopita. Nadondosha tone la maji juu ya kipande cha kwanza: limefyonzwa papo hapo. Kipande kilichotoka mita chache chini yake kinalikataa, tone limekaa juu likimetameta. Naongeza asidi kidogo, povu linatoka. Kalsaiti, madini ya chokaa, imeziba njia.

Saa 5. Hadubini. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Jiwe limelowekwa gundi ya buluu kisha likakatwa jembamba hadi mwanga unapenya, kwa hiyo kila palipokuwa na nafasi wazi panaonekana buluu. Katika kipande kizuri, buluu inazunguka chembe zote bila kukatika. Katika kingine ipo nyingi tu, ila imejitenga madoa madoa, na nyuzi za udongo mfinyanzi zimejaa katikati. Ukipima nafasi peke yake, mawe haya mawili yanakaribiana. Ukiyapitishia maji, moja ni kisima na jingine ni ukuta.

Saa 6 mchana. Simu kutoka Naivasha, kijana niliyesoma naye, sasa yuko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi.
“Dada, nyuzi 45 nazo mnaziita jotoardhi?”
“Ndiyo, kaka. Sisi hatuzungushi mitambo ya umeme. Tunapasha nyumba, na pampu ya joto, mashine ya kuongeza nyuzi, inamalizia.”
Namwelewa. Olkaria huvuna mvuke tangu 1981, na huko swali la kwanza huwa moto uko wapi.

Saa 8. Hesabu. Juu ya ardhi hapa ni nyuzi 8 hivi, na joto huongezeka kama nyuzi 30 kwa kila kilomita. Mita 1,250 zinatoa karibu 45, na kweli Thisted, kituo cha jotoardhi cha hapa Denmark kilichoanza 1984, huvuta maji ya nyuzi 44 hivi kutoka kina hicho. Joto basi linakadirika ukiwa mezani. Upitishaji wa maji haukadiriki hivyo. Ndiyo maana tunatafuta kati ya mita 800 na 3,000: juu zaidi maji ni baridi mno, chini zaidi madini ya kwatzi huwa yameota kati ya chembe na kufunga njia.

Saa 10 jioni. Mkutano kuhusu kisima cha kurudishia maji ardhini yakishatolewa joto. Maji hayo yana chumvi kuliko bahari mara nne au zaidi, hayamwagwi popote. Kutu na vumbi laini likiziba mwamba pale yanaporudi, mradi mzima unasimama, hata kama kisima cha kuvutia ni kizuri kiasi gani. Nimesisitiza vichujio visipunguzwe kwenye bajeti.

Saa 12. Ripoti. Tabaka la juu nalipendekeza lijaribiwe kwa pampu. La chini, lenye joto zaidi kidogo lakini lisilopitisha maji, nimeliandikia hapana.