Puri ya Thelathini na Saba

Tiketi ya treni kutoka London hadi Leicester, kwenda na kurudi, ilinitoka pauni 68, na kiti sikupata. Saa nzima na ushee nimesimama karibu na mlango wa choo, begi la kamera kifuani. Mwenye mgahawa alikuwa ameshasema nauli si juu yake. "Lakini utakula bure," akaniambia kwenye simu, na mimi mtoto wa Tanga, kusikia bure nikalegea.

Tulikubaliana nimpigie picha vyakula 25 vya menyu mpya. Nafika mgahawani, pembeni ya Belgrave Road, nakabidhiwa orodha ya vyakula 41. Siku mbili zilezile, malipo yaleyale.

Watu hudhani chakula cha Kihindi ni rahisi kupiga picha kwa vile kina rangi. Wajaribu dali. Dakika tano tu, imeshika utando juu, samli imeganda pembeni kama nta, kotimiri imenywea. Na mchuzi ukishaingia kwenye kamera, wa kuku na wa dengu wote kahawia mmoja. Kwa hiyo unadanganya kidogo. Unafudikiza kibakuli chini ya mchuzi ili vipande vya paneer, ile jibini yao, visizame. Samli ya moto yenye bizari unaimwaga mwisho kabisa, kamera imeshakaa tayari. Mwanga unautoa ubavuni, dirishani. Halafu kuna yale masinia ya chuma ya thali, mlo wa vibakuli vingi kwenye sinia moja, yanayong'aa kuliko kioo cha kinyozi. Picha ya kwanza niliyoifungua kwenye kompyuta ilikuwa na sura yangu mara saba, moja kwa kila kibakuli. Ikabidi nijizungushie makaratasi meusi, nitoboe tundu la lenzi tu, nikae humo kama mwali aliyefungiwa ndani.

Kilichonimaliza ni puri, kile kichapati cha kukaanga. Ikiwa kwenye mafuta inavimba, uzuri mtupu. Ukiiopoa, ukavuka mlango, ukaifikisha mezani, imeshatoa pumzi na kulala. Kutoka kwenye karai mpaka kwenye kamera ni hatua 14, nilizihesabu. Mpishi akakaanga, nikakimbia. Akakaanga, nikakimbia. Ilipofika ya thelathini na sita akazima jiko, akavuta kiti, akaanza kuchezea simu. Mwenye mgahawa kasimama mlangoni, anapigia hesabu unga wake.

Hapo mama yake akashuka kutoka ghorofani. Sari nyeupe, sweta la kahawia, soksi ndani ya ndala. Akautazama mlima wa puri zilizolala, akaniuliza kwa Kiswahili, "Nani atakula hii yote?"

Nilibaki mdomo wazi. Adabu iliporudi nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

Nikamwambia Tanga. Yeye ni wa Mwanza, kazaliwa huko, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Waliondoka baada ya 1971, serikali ilipotaifisha majumba. Marehemu mumewe alitoka Kampala mwaka uliofuata, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90. "Na hapa pia hawakututaka," akasema, anakunja mikono ya sweta. Ni kweli: halmashauri ya Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba mji umejaa, wasije. Wakaja.

Hayo yote aliyasema huku anakanda. Akatia konzi ya semolina, akakanda unga mgumu, akasukuma nene kidogo, akaiacha puri kwenye mafuta mpaka ikakaribia kupita kiasi. Hiyo ya thelathini na saba ilikaa mezani imevimba mpaka nikachoka mimi.

Nikatoa chupa yangu ya maji na glisirini, ninyunyizie kachumbari ionekane mbichi. Akanishika mkono.

"Hiyo inaliwa?"

"Hailiwi, mama."

"Basi toa."

Tangu hapo nikanyunyizia maji matupu, na kila sahani iliyotoka kwenye kamera ililiwa, na mimi, na mpishi, na wajukuu waliotoka shule. Hata zile puri zilizolala ziliishia kwenye chai.

Hoteli ilikuwa pauni 74 na maji ya moto hayakuwepo. Siku ya pili karibu yote ni paneer juu ya paneer, sina la kusimulia, mpaka tulipofika jina la mwisho kwenye orodha: Mogo. Mwenye mgahawa akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni, kuwa hiki ni chakula chao hasa, nikitilie maanani. Sahani ikaja.

Mhogo. Mhogo wa kukaanga, umechanganywa na pilipili, kitunguu saumu na ndimu, pauni 7.50. Kwetu unauziwa barazani, mama anaupasua katikati kwa kisu, anauchotea chachandu kutoka kwenye ndoo ndogo, anakufungia kwenye gazeti, na ukidai nyongeza unapewa pamoja na maneno. Sikumbuki kama niliwahi kuupiga picha hata mara moja, na nimekaa na kamera miaka kumi na moja.

Nikataka kusema, mama akanitangulia. Akamweleza mwanawe maneno marefu kwa Kigujarati, na ndani yake nikaambulia moja: muhogo. Mwanawe akacheka. Wateja wameshazoea mogo, akasema.

Nilikaa na sahani ile saa nzima. Kigae cha marumaru walichoniletea nikakiweka kando, nikautandaza juu ya gazeti lao la Kigujarati. Kisha nikaumaliza wote, kwa vidole.

Malipo yaliingia baada ya wiki tatu, pungufu ya pauni 7.50. Chini kabisa ya hesabu waliyonitumia wameandika: mogo, sahani 1.