Haiyayaa

Jumanne nilipanda boti na ami kwenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa kisiwani Lamu. Kompyuta nimeifunga kwa leso mbili isiingie maji ya chumvi, kinasa sauti kimo mkobani chini ya buibui. Ami alikuwa akiwapelekea misumari mafundi wanaounda jahazi. Mimi nilikwenda kumrejeshea babu mmoja sauti yake.

Miezi mitatu nyuma alinipa ruhusa nimrekodi akikalafati. Kwa msiyeijua kazi hii: mbao za chombo zikishapigwa misumari, baina ya ubao na ubao hubaki mwanya. Fundi husokota pamba, huichovya mafuta, kisha huishindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo, sehemu baada ya sehemu, mpaka azunguke chombo kizima. Jahazi likishuka majini, pamba hunywa maji, ikavimba, mwanya ukazibika. Siku ile nilirekodi dakika 40 za nyundo, pamoja na jogoo mmoja na punda wasiokoma kulia. Punda nimewaacha humo humo. Sauti ya Lamu isiyo na punda mimi siiamini.

Nyumbani, mtaani Langoni mjini Lamu, vipande hivyo niliviingiza katika Pure Data. Hii ni programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990. Huandiki mistari ya maagizo. Unachora visanduku kwenye kioo, unaviunganisha kwa nyuzi, na sauti inapita kutoka kisanduku hiki kwenda kile kama maji ya mferejini. Nilizikata nyundo za babu zikawa chembe za milisekunde 50, nikaunganisha kompyuta na simu, ili anayesikiliza aifanye rimiksi yake kwa kidole: akisogea kulia chembe zinakaribiana, akipanda juu sauti inapanda. Wimbo hauna mwanzo niliouamua mimi wala mwisho. Aliyeshika simu ndiye anayeupeleka, na wawili hawatausikia sawa.

Kuna jambo moja humo ambalo bado linanisisimua kila nikilisikia. Babu hupiga kama mara mbili kwa sekunde. Pigo lake nikilirudia mara 10 kwa sekunde, linakuwa mtetemo, kama mkono wa mpiga ngoma uliochachamaa. Yakipita 20 hivi, sikio linashindwa kuyahesabu: mapigo yanayeyuka na kuwa mvumo mmoja mnene. Yakifika 400 yanalia kama zumari. Na ni nyundo ile ile! Hakuna chombo kingine nilichoongeza. Usiku nilioligundua hili nilikaa nakisogeza kidole mbele na nyuma, ngoma ikawa zumari, zumari ikarudi kuwa ngoma, hadi nikaadhiniwa alfajiri.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nahangaika na muziki wa Wazungu. Jibu langu huanzia Cairo, mwaka 1944. Kijana Mmisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine iliyonasa sauti kwenye waya, akaenda kuwarekodi wanawake katika ngoma ya zari, ile ya kutuliza pepo, jambo ambalo bibi zetu huku pwani hawahitaji kuelezwa. Akarudi nayo studio, akazichuja sauti zile, akazitia mwangwi, mpaka kikabaki kitu kingine kabisa. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye mara nyingi ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza, alianza mwaka 1948. Na jirani zetu wa Dar es Salaam wamefanya nini na singeli? Wamechukua vipande vya taarabu, wakavizungusha kwa kompyuta kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Kukata sauti na kuiunga upya si ugeni kwetu.

Basi, Matondoni. Babu alivaa visikizi juu ya kofia, nikamwekea simu mkononi. Nilitarajia atakimbilia kwenye zumari kama wanavyofanya vijana wote. Hakwenda huko. Alikaa kushoto kabisa, pale nyundo inapopiga taratibu, akafumba macho. Mafundi wengine wakanyamaza kumwangalia. Kisha akatikisa kichwa.

"Haiyayaa, mwanangu."

Haijajaa. Nilidhani anasema sauti ni ndogo, nikaiongeza. Akanivua viatu, akanishika mkono mpaka ubavuni mwa jahazi, akachukua nyundo. Alipiga pamba mpya: *dubu*, sauti nzito yenye utupu ndani. Akapiga tena na tena mahali pale pale, na mimi, niliyekaa miezi mitatu na sauti hii masikioni, ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba inapanda. Mwisho ikawa *ta*, kavu, fupi. "Sasa imeyaa," akasema. Hivyo ndivyo anavyojua ahamie sehemu ya pili. Haangalii, anasikiliza. Programu yangu ilikuwa ikiyachukua mapigo ovyo ovyo, lililojaa na lisilojaa, na kwake yeye lile lilikuwa jahazi litakalozama.

Nimerudi nimekaa siku nne kuyapanga mapigo upya, moja moja, kwa sikio. Yako 612 niliyoridhika nayo. Sasa kidole hakiwezi kuruka. Ukitaka sauti ijae lazima ukae mahali pamoja, na ukiondoka mapema mwanya unabaki mtupu, unausikia nyuma yako ukivuma chini ya yote utakayofanya baadaye. Zumari bado ipo, lakini hufunguka mwanya ukishajaa. Ni ngumu zaidi kuichezea, na ndugu yangu mdogo amelalamika. Mimi sitaibadilisha.

Jahazi lile litashuliwa bamvua lijalo, maji makuu yakijaa. Nimemwomba babu nibandike kwa ndani, kwenye ubao wa chini, kile kisahani cha shaba nilichokitoa katika saa mbovu ya kengele. Ukikiunga kwa waya kinasikia mtetemo wa mbao wenyewe, si wa hewani. Nataka kuisikia pamba ikinywa maji. Amekubali, ila amesema nisiguse kalafati yake.