Mtandao wa uhakika Mwika ukiwa na laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania

Mkenya ukihamia Mwika, huku juu ya Himo, kila mtu atakwambia, "Kaka, chukua laini ya kampuni yangu, inashika kila mahali." Ushauri huu unaniudhi. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na mabonde ya mito. Nyumba ya mgongoni mwa kilima inaona mnara, ya jirani chini bondeni haioni, na migomba iliyolowa mvua inameza mawimbi zaidi.

Kwa hiyo achana na vile vijiti vya kwenye kioo, soma dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Simu nyingi za Android zinaionyesha kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya laini. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwa 4G, -90 ni safi, -105 inavumilika, ikifika -115 utaongea kwa kukatikakatika. Azima laini za majirani, pimia unapolala na unapofanyia kazi. Mimi jikoni, chini ya bati, nilisoma -114, dirishani -99. Hiyo dB 15 ni nguvu mara 30 hivi! Ikiwa namba ni nzuri lakini intaneti inakokota saa mbili usiku, mnara umeelemewa. Hapo ndipo ubadilishe kampuni.

Usajili ni pasipoti, kibali cha ukaazi na alama za vidole, dukani kwa kampuni yenyewe. Kisha piga *106# uhakikishe hakuna namba usiyoijua kwenye usajili wako.

Sasa antena. Fundi alinishauri antena ya juu ya paa na mita 20 za waya mwembamba hadi kwenye ruta sebuleni. Tulifunga, namba ikashuka! Sababu ni hesabu tu: waya ule unapoteza zaidi ya nusu dB kila mita, kwa hiyo mita 20 zinakula zaidi ya dB 10, na antena yenyewe haikuongeza kiasi hicho. Dawa ni kuipandisha ruta. Niliiweka ndani ya boksi la plastiki ukutani chini ya upenu, upande unaotazama Himo, nikashusha kebo ya intaneti, ambayo inafika hata mita 100 bila shida. Usiigandishe kwenye bati, mchana itaungua kwa joto. Nilitumia laki moja na kitu za Tanzania, ruta ikiwemo.

Laini ya Kenya naitunza kwa ajili ya M-Pesa na ujumbe wa benki. Zima data ya romingi kwenye laini hiyo, acha SMS ziingie. Huku mashariki mwa mlima minara ya upande wa Taveta inafika, basi ukisimama mgongoni chagua mtandao kwa mkono: laini ya Kenya ishike Kenya, ya Tanzania ishike Tanzania. Ukiziacha zijichagulie, laini ya Tanzania itavuka mpaka kimyakimya na salio litayeyuka. Ukishuka Moshi mjini, rudisha ya Kenya kwenye kujichagulia, la sivyo itakaa bila mtandao kutwa nzima na ujumbe wa benki utachelewa.

Umeme ukikatika, ruta ya volti 12 inaendeshwa na betri ndogo ya ruta, zinauzwa mjini. Angalia tu ampea zilizoandikwa kwenye chaja: ruta inayotaka 2, betri ya 1 itaiwasha na kuizima.