Nyigu na Kanzu ya Ami

Nyigu nilimwona kwa macho yangu mawili. Kapteni hakulijua hilo mpaka anang'oa nanga kuondoka Kilifi, na sikuona haja ya kumwambia.

Ilikuwa Novemba 2011, msimu wa maleleji, upepo haujui uende wapi. Yoti ilikuwa imefungwa kwenye boya katikati ya kriki. Wenyewe, Kapteni na mkewe, wazee Waholanzi, walikuwa wamekwenda kwao na kuniachia funguo. Kazi yangu ilikuwa kupiga kasia hadi pale kila asubuhi, kutoa maji ya ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, kukagua kamba za boya, kuwasha injini mara moja kwa juma na kufuta mavi ya ndege. Nyumbani nilikuwa nimesema nimeajiriwa ubaharia. Si uongo sana.

Asubuhi moja nimekaa sitahani na chai yangu, nikamwona nyigu mweusi, kiuno kama uzi, anakuja kutoka mikokoni na kidonge cha tope mdomoni. Akatua ubavuni mwa boti, kulia, karibu na omo, yaani mbele, akaingia kwenye kitundu kisichozidi upana wa kidole. Akatoka mikono mitupu, akaenda, akarudi na kingine. Nilimhesabia safari 11. Nikasema moyoni, mwenzangu naye yuko kibaruani. Nikamaliza chai, nikaosha kikombe.

Kitundu kile kilikuwa pumulio la tangi la choo.

Asiyewahi kukaa kwenye boti hizi hudhani haja inaanguka tu baharini, kama zamani kwenye majahazi, ambako choo kilikuwa kitundu cha mbao kinachoning'inia tezini, nyuma ya chombo. Hapana. Choo cha yoti ni bakuli dogo lenye pampu ya mkono ubavuni. Ukipiga pampu, maji ya bahari yanaingia na uchafu unasukumwa kwenye mpira mnene, unapanda juu ya usawa wa bahari ili maji yasirudi kinyumenyume kuzamisha boti, kisha unateremka kwenye tangi. Letu lilikuwa la plastiki, lita 70, limefichwa nyuma ya kabati la nguo. Chini lina koki ya kufungulia baharini. Juu, sitahani, kuna kifuniko cha chuma ambacho kwenye bandari zenye mashine mtu huingiza mpira na kulitapisha tangi lote, kama gari linavyonyonya karo mjini. Sisi mashine hiyo hatukuwa nayo. Na mwisho ndiyo hilo pumulio: mpira mwembamba unaotoka juu ya tangi hadi ubavuni, ili kila kinapoingia kitu, hewa ipate njia ya kutoka.

Mama, mke wa Kapteni, alikuwa na sheria zake za choo, nami nilizihifadhi kama Juzuu Amma. Kisichopita kooni hakipiti humu, kwa hiyo karatasi zote kwenye ndoo. Baada ya haja kubwa, pampu mara 20, bila kuharakisha, maana kinachobaki njiani ndicho kitakachonuka. Kila Jumapili kikombe cha siki, kwani mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi huganda kuwa chokaa ndani ya mpira. Nimeshuhudia mpira wa inchi moja na nusu uliobakiwa na tundu la kupita kalamu. Halafu tone la mafuta ya kupikia ili pampu isikwaruze.

Iliyonichekesha ni sheria ya Kapteni mwenyewe. Krikini humwagi kitu. Kwa meli kubwa, zile za kuanzia tani 400 au zinazobeba zaidi ya watu 15, sheria ya kimataifa inasema uchafu usiosafishwa umwagwe zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, na meli iwe inakwenda, si chini ya noti nne, yaani maili nne za bahari kwa saa. Yoti yetu haikuhusika kabisa. Lakini Kapteni alijipa hukumu hiyo kwa hiari, na kila lita 70 zikijaa tunatweka tanga. Maili 12 ni kama kilomita 22. Ami yangu, aliyefanya kazi kwenye feri ya Kilifi miaka mingi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na sasa ana dau lake la kuvusha watu, aliposikia habari hiyo alikaa chini.

"Yaani mavi ya Wazungu yanasafiri kwenda kutupwa?"

"Ndiyo, Ami."

"Mimi Lamu sijafika mwaka wa saba huu."

Wenyewe walirudi mwisho wa Novemba. Siku ya tatu Kapteni akalalamika kwamba pampu imekuwa nzito. Siku ya sita mkono wa pampu ukawa unajirudisha wenyewe, kama mtu anayebishana nawe, na maji kidogo yanarudi bakulini. Akasema ni chokaa. Nami nikasema ni chokaa. Tukamwaga siki chupa nzima, tukangoja usiku kucha, na asubuhi pampu ikawa vilevile. Basi ikaamuliwa Ijumaa alasiri, maji yakiwa yanatoka, twende tukamwage, kisha tuvue mipira yote tuisafishe. Kabla ya hapo nifungue kifuniko cha sitahani, nitie ndoo moja ya maji ya bahari ili vilivyoganda chini vilainike. Kapteni na Mama wakaenda mjini kununua mboga.

Saa sita kasoro Ami akaja na dau kunichukua twende msikitini. Alikuwa kwenye kanzu aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati, nyeupe hadi inaumiza macho, na kofia ya kushona kwa mkono. Akaushika ubavu wa yoti upande wa kulia, uso wake uko sawa na sitaha.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Fanya upesi, khutba haitungoji sisi."

"Namaliza kifuniko hiki tu."

Nilijifunza baadaye kwamba bomba la kifuniko kile halikomei juu ya tangi. Linashuka hadi chini kabisa, ili mashine inyonye mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo hewa iliyobanwa kwa siku tisa za haja za wazee wawili wenye afya njema ilikuwa imekaa juu, inausukuma uchafu, na uchafu uko mdomoni mwa bomba unangoja ruhusa. Kifuniko kingekuwa kinatoa hewa, ningeisikia ikifoka na kuacha. Niliingiza ufunguo, nikazungusha robo. Maji ya rangi ya chai ya rangi yakajikusanya kandokando ya kifuniko. Mtu mwenye akili angerudisha robo ile. Mimi nilifikiri ni maji ya kuoshea sitaha yaliyotuama, nikazungusha tena.

Kifuniko kilinitoka mkononi, kikalia kwenye mlingoti, kikarudi miguuni pangu. Kilichofuata kilipanda kupita kichwa changu, mnene kama mkono, na kilidumu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kaskazi ilikuwa imeanza kupata nguvu siku hiyo. Mimi nilikuwa upande wa upepo unakotoka. Nilipata mikono na kifua. Ami alipata mengine.

"La ilaha illa Allah," alisema, mara moja, kwa upole kabisa. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonitisha. Akavua kofia, akaitazama, akaiweka ndani ya dau kama mtu anayeweka yai. Halafu akajitosa baharini na kanzu yake.

Alipoibuka alikuwa mbali kama hatua kumi, kanzu imefura mgongoni kama puto.

"Leo," aliniambia kutoka majini, "mimi na wewe tunasali adhuhuri nyumbani."

Nilifanya kazi siku ile. Ndoo kwa ndoo, sabuni ya unga, brashi, tangu omo hadi tezi. Ilikuwa imefika kwenye kifuniko cha tanga kuu, kwenye kamba, kwenye taulo la Mama lililoanikwa, kwenye kioo cha dirisha. Ami alipanda akiwa amejifunga shuka la yoti, akanisaidia bila kusema neno, ila kila akipita karibu yangu anavuta pumzi ndefu kwa pua na kutikisa kichwa.

Mama aliporudi aliangalia sitaha, akaniangalia mimi, akamwangalia Ami na shuka lake lenye maua, akashindwa kusimama. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kapteni hakucheka. Alikwenda moja kwa moja ubavuni, akalala kifudifudi, akachungulia kitundu. Akaomba waya wa kuanikia koti. Akachokoa. Likadondoka tope limekauka kama tofali, vipande vipande, na pamoja nalo buibui waliokufa, wadogo wadogo, waliopangwa kama dagaa kwenye fungu, na kifuko cha kahawia chenye mtoto wa nyigu. Kumbe nyigu yule huwalisha wanawe buibui. Alikuwa amejenga nyumba, ameweka na akiba ya chakula.

"Hukuona kitu chochote hapa?" Kapteni aliniuliza.

"Hapana, Kapteni."

Pumulio lilipozibuka pampu ikawa nyepesi kama toy ya mtoto. Hata hivyo tulivua mpira, kwa kuwa sabuni na ndoo zilikuwa tayari nje, na tukaubamiza kwenye mawe ya ufukweni mpaka chokaa ikatoka magamba magamba. Tukabadilisha na ule ulimi wa mpira ulio nyuma ya pampu, wenye umbo la mdomo wa bata, ambao kazi yake ni kuzuia kilichokwenda kisirudi. Ulikuwa umekakamaa, haufungi tena. Kapteni alikuwa na mpya kwenye boksi, ameununua miaka miwili nyuma. Hayo yote yalituchukua mpaka saa kumi, lakini maji yalikuwa bado yanatoka, kwa hiyo tuliondoka.

Ami naye akapanda. Kapteni alimwazima kaptula ya kaki na fulana, na mzee wangu, ambaye sikuwahi kuona magoti yake, akakaa tezini amekunja mikono. Nilimwuliza kwa nini asiende nyumbani kupumzika.

"Nataka nione yanazikwa wapi," alisema.

Tulitoka kwenye mlango wa miamba, kaskazi inatupiga ubavu wa kushoto, yoti inakwenda noti tano. Zaidi ya saa mbili hivyo. Jua likazama nyuma yetu, nchi ikawa mstari, kisha taa chache. Kapteni alisoma chombo chake cha kupimia mahali, akanikonyeza, nikashuka kufungua koki. Robo tu ya mzunguko. Hakuna sauti, hakuna kitu cha kuona. Bahari ya usiku ilimeremeta nyuma ya boti kama inavyomeremeta siku zote. Nikatia ndoo mbili za maji kusuuza, nikafunga koki, nikarudi juu.

"Ndiyo hivyo tu?" Ami aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

Akatazama huko nyuma kitambo. "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema, na sikujua kama anasema juu ya kinyesi, au ya maisha, au ya kanzu yake.

Wakati wa kurudi Mama na Kapteni walikuwa ndani wanapika, mimi nimeshika usukani. Nikamwambia.

"Ami, nyigu nilimwona."

Hakugeuka. "Ulimwona anaingia?"

"Na tope."

"Na wewe?"

"Nilimtazama. Nilikuwa nakunywa chai."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja."

Alinyoosha ile kaptula ya kaki magotini, polepole, mguu wa kulia kisha wa kushoto. "Ulihesabu," alisema.

Kanzu Mama aliiloweka, akaifua, akaianika, akaifua tena kwa siki. Ilitoka nyeupe. Alitaka kumnunulia mpya, Ami akakataa, akasema ya mwanawe ni ya mwanawe. Tangi likapewa kipande cha chandarua, tunakifunga kwenye pumulio kila boti inapolala muda mrefu na kukivua watu wanaporudi. Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliifanya miaka mitatu bila kukosa.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa sitahani nakunja kamba niliposikia dau. Ami alikuwa amesimama amevaa kanzu ileile. Alishusha tanga mbali, hatua 30 hivi, dau likawa linaelea lenyewe.

"Kijana!"

"Naam, Ami. Shikamoo."

"Kifuniko kimefungwa?"

"Kimefungwa."

"Nionyeshe mikono."

Nikaiinua yote miwili. Akaitazama, akatazama upepo, akazunguka akaja kupitia kushoto.